Mnunuzi Asiye na Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la hisabati. Nimechana kurasa za mwanzo, na sasa ni la kuandikia yale nisiyoweza kumwambia mtu.

La kwanza ni hili: jana nilivunja kifaa cha Shangazi.

Ni kisanduku cheusi cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kiganja. Hufungwa kwenye cherehani, ndani yake hutiwa kichuma kidogo chenye umbo la kitundu unachotaka, halafu chenyewe hucheza kulia na kushoto mpaka kitundu cha kifungo kinajishona. Bila hicho, kila kitundu hushonwa kwa mkono. Nilikuwa nakisogeza nipate pa kuweka kikombe. Mkono mmoja kifaa, mkono wa pili kitabu, macho yote mawili kwenye kitabu. Kilianguka sakafuni na mkono wake mdogo ukakatika.

Shangazi alikuwa uani akianua nguo. Alipoingia alishika kichwa. "Nimekiacha ukingoni tena! Mimi huyu! Mara ngapi najiambia?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Kuna nguo arobaini nyeupe za wanafunzi wa uuguzi, kila moja vifungo saba. Mia mbili na themanini. Zinachukuliwa Ijumaa, 11 Aprili. Ni kazi ya kwanza Shangazi kupewa na chuo, na ikienda vizuri atakuwa anashona kila mwaka. Isipoenda, tutaacha hiki chumba cha kushonea na kurudisha cherehani kule tunakolala, kama zamani, nyuzi mpaka kwenye uji.

Jumanne, 4 Machi

Mchomeleaji alikiunga. Kimefanya kazi nusu siku, kimekatika tena palepale.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Seremala amekuja kupigilia ubao mwembamba kuzunguka meza yote, kimo cha vidole viwili, ili kitu kisianguke tena. Shangazi ndiye aliyemwita. "Uzee huu," alimwambia, "naanza kuweka vitu hewani." Seremala akacheka. Mimi nilikuwa namshikia misumari.

Alhamisi, 6 Machi

Kifaa cha namna ile hakitengenezwi tena. Fundi wa ng'ambo ya barabara ana mashine mpya inayotoboa na kushona yenyewe, lakini ndiye aliyeikosa kazi ya chuo, na Shangazi anasema kumwendea huko ni sawa na kumwomba fisi akulindie kitoweo.

Nimekipata mtandaoni, kwenye mnada. Muuzaji anajiita Droo ya Mwisho. Picha imepigwa juu ya gazeti: kisanduku, na vichuma vitano vimepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa kama watoto wa familia moja wakienda kupigwa picha. Shangazi ameiangalia simu kwa mbali, kisha kwa karibu. "Ndicho. Hata ule mkwaruzo ni wa ukoo mmoja. Nunua, mwanangu."

Jumamosi, 8 Machi

Mnada ulifungwa saa kumi na mbili jioni. Kulikuwa na mtu mwingine akipandisha dau kila nilipopandisha. Dakika ya mwisho nilifumba macho nikabonyeza. Tumeshinda! Shangazi alipiga kigelegele mpaka Kinyozi wa mlango wa pili akaja na mkasi mkononi, mteja wake nyuma akiwa na nywele upande mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwandikia muuzaji. Nanakili hapa:

"Ndugu muuzaji, salaam. Natumaini ujumbe huu utakukuta salama wewe na familia yako. Nimefurahi sana kushinda mnada wa kifaa chako. Najua una shughuli nyingi, hivyo sina haraka, lakini ukipata nafasi nitashukuru ukinitumia. Samahani kwa usumbufu."

Nilimwonyesha Kinyozi. Alisoma, akanirudishia simu.

"Bi Kimya, hiki ni kifaa unanunua au binti unaposa?"

"Ni adabu tu."

"Adabu ina mwisho wake. Ongeza basi kwamba mahari italetwa na wazee."

Muuzaji amejibu jioni: "Asante ndugu mnunuzi. Umeandika kiungwana. Kitakuja kikiwa kamili."

Jumanne, 11 Machi

Shangazi ameanza vya mkono, asipoteze siku wakati tukisubiri. Vitundu vinne.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Vitundu kumi na tano kwa jumla. Hakuna kifurushi.

Jumatatu, 17 Machi

Kanuni za mnada zinasema muuzaji atume ndani ya siku saba. Leo ni ya tisa. Nimeandika: "Samahani kukusumbua tena. Pengine kifurushi kiko njiani na mimi ndiye mwenye pupa. Kama bado, tafadhali usijisumbue sana, ila nilikuwa nauliza tu."

Jibu: "Wiki hii, Mungu akipenda."

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Vitundu thelathini na moja.

Nimejaribu kushona kimoja kwenye kitambaa kibovu. Shangazi alikiinua kwenye mwanga. "Hiki kitundu kimenuna," alisema. "Nani kakiudhi?"

Ijumaa, 21 Machi

Wiki hii inaisha. Muuzaji: "Vumilia kidogo ndugu yangu. Kuna jambo dogo namalizia."

Jambo gani? Sikuuliza. Niliandika "Hakuna neno."

Kwa nini naandika "hakuna neno" wakati maneno yamenijaa mpaka hapa?

Jumatatu, 24 Machi

Leo nitaandika kirefu.

Niliamka nikamkuta Shangazi amekaa kitandani, blauzi iko wazi, mikono magotini. Nilidhani anaumwa tumbo. Alisema, bila kunitazama, "Njoo unifunge."

Vidole vyake vimevimba. Unyevu huwa unamsumbua kila msimu wa mvua, lakini miaka mingine hana sindano ya kushika kutwa nzima. Cha gumba hakikunjiki kabisa. Mwanamke aliyewafunga watu vifungo mtaa mzima, wa arusi na wa msiba, amesimama mbele yangu kama mtoto wa chekechea, kidevu juu, nikimfunga vifungo sita vya blauzi aliyoishona mwenyewe.

"Usinikabe," alisema.

"Samahani, Shangazi."

"Nakutania. Mbona unalia?"

Nikasema ni mafua. Akaniambia nikavae sweta.

Jioni nilimwekea maji ya vuguvugu na chumvi kwenye beseni. Alitumbukiza mikono, akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi apaze sauti. "Unajua kinachoniuma zaidi? Si vidole. Ni kwamba nilijua. Nilijua meza hiyo ina mteremko, na bado nikakiweka ukingoni. Mtu akiibiwa angalau ana wa kumtukana. Mimi nimtukane nani?"

Ungenitukana mimi. Sentensi fupi. Ningeweza kuisema ndani ya ile mvua na asingeisikia hata nusu, na bado sikuisema.

Badala yake nimeamua kumchukia Droo ya Mwisho. Ni rahisi zaidi. Najua sasa yukoje: kijana mwenye miwani ya jua, miguu juu ya meza, anauza vitu asivyokuwa navyo na kucheka akisoma "natumaini ujumbe huu utakukuta salama".

Jumanne, 25 Machi

Vitundu hamsini na mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Matroni wa chuo amekuja kukagua. Ni mwanamke mrefu anayezungumza polepole, hata mwavuli wake ameufunga polepole. Aligeuza nguo moja ndani na nje, akapitisha kidole kwenye vitundu.

"Vya mkono?"

"Vya mkono," Shangazi alisema, mikono yake ameificha chini ya kitambaa.

"Vizuri mno. Ila dada yangu, nahitaji arobaini. Siwezi kuwapanga wanafunzi mstari, kumi wamevaa na thelathini wamejifunika shuka. Ijumaa ile ikifika pungufu, itanibidi nivuke barabara."

Hakusema kwa ubaya. Alipotoka, Shangazi alitazama ng'ambo, kule kwenye mashine mpya, muda mrefu kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemshtaki muuzaji.

Kinyozi ndiye aliyenisukuma, lakini kidole ni changu. "Bi Kimya, umetapeliwa. Siku ya ishirini na tatu hii! Hata kobe angekuwa ameshafika, ameoga, amekula." Kuna kitufe chekundu kimeandikwa Lalamika. Wanakuuliza maswali matatu na unajibu kwa kuchagua, huna haja ya kuwa na adabu. Baada ya saa moja ulikuja ujumbe: malipo yamezuiwa, na duka la muuzaji limefungwa kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea.

Nilijisikia mwenye nguvu mpaka wakati wa chakula.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo, maana kusoma ndicho kitu pekee ninachokiweza: nikasoma maoni yote ya wanunuzi wake wa zamani. Yako thelathini na moja. Karibu yote yanasema kitu kimoja. "Kilichelewa, ila kizima." "Mwezi mzima! Lakini kinafanya kazi kuliko kipya." "Alinitumia na kitambaa cha mfano, sikuwa nimekiomba." Hakuna hata mmoja aliyesema hakupata.

Mtapeli gani huyo?

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Vitundu sabini na mbili. Sijala vizuri.

Alhamisi, 3 Aprili

Ujumbe wa Droo ya Mwisho, na namba ya simu: "Ndugu mnunuzi, naomba unipigie. Kuandika kumenishinda."

Sijawahi kumpigia simu mtu nisiyemjua. Shuleni hata kuomba chaki darasa la jirani humtuma mwenzangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeandika kwenye karatasi nitakachosema. Nimeandika mara tano. Kila mara inaanza na "samahani".

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepiga.

Nilijifungia stoo, kati ya magunia ya vipande vya vitambaa, karatasi yangu gotini. Iliita mara moja tu. Sauti iliyopokea haikuwa ya kijana wa miwani ya jua. Ilikuwa ya mzee, na ilikuwa na wasiwasi kuliko mimi.

"Ndiyo? Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo. Mimi ni... yule mnunuzi. Wa kifaa cha vitundu."

"Marahaba. Lakini wewe ni mtoto!"

"Nina miaka kumi na sita."

"Lo! Kwa ile lugha nilidhani nashughulika na mzee mwenzangu. Hakimu mstaafu hivi. Nikasema huyu ni mtu mkubwa, nisimfanyie mchezo, nimpe kitu kamili."

Niliikunja karatasi yangu. Nikauliza tu, "Kwa nini hukutuma?"

Nilimsikia akivuta kiti. Aliniambia alikuwa fundi wa cherehani miaka mingi. Sasa anauza vilivyobaki, droo moja baada ya nyingine, na kila kitu hukijaribu kwanza. Siku ya pili baada ya mnada alikaa kukijaribu kifaa chetu. Vichuma vikawa vinne. Cha tano hakipo. Kwenye picha kipo, mkononi hakipo.

"Nikaona aibu. Mtu amenunua vitano, ameandika kwa heshima, halafu nimpe vinne? Nikapekua. Nimeshusha kabati zima, mwanangu. Nimetazama hadi kwenye mifuko ya suti niliyoolea. Kila siku nikisema leo nitakipata. Na wewe uliniandikia mwenyewe huna haraka! Nikasema, basi, Mungu amenipa mnunuzi mvumilivu."

Nilihisi uso wangu unawaka gizani mle.

"Kichuma kipi kimepotea?" niliuliza.

"Kile kikubwa. Cha vifungo vya makoti."

"Sisi tunashona nguo za wauguzi."

"Eh?"

"Vifungo vidogo, kama vya shati. Tunahitaji kichuma kimoja tu. Cha pili kutoka kidogo."

Nilisikia vichuma vikigongana mezani. Kisha akasema, taratibu sana, "Hicho ninacho. Hicho kiko hapa mbele yangu tangu siku ile ya kwanza."

Basi tukakaa hivyo, mzee na mimi, kila mmoja upande wake wa simu. Ningesema neno moja, "Ijumaa". Angesema neno moja, "vinne". Karibu wiki nne! Nilitaka kumkasirikia lakini ilikuwa kama kukikasirikia kioo.

Nikamwambia yote kwa haraka, bila karatasi: Shangazi, vidole, Matroni, siku sita zilizobaki. Sikusema samahani hata mara moja.

"Jumatatu asubuhi na basi la kwanza la mizigo," alisema. "Kesho hakuna gari. Ila duka wamelifunga, siwezi kutuma kupitia kwao, na malipo yako wameyashika. Uamuzi ni wako, mwanangu. Ukiyaacha hayo mashtaka yako palepale, nitatuma vilevile. Kosa ni langu."

Nilitoka nikamweleza Kinyozi. Aliacha kunoa wembe. "Usifute! Ukifuta, wanamwachilia pesa, na huyo babu anageuka moshi. Subiri kifurushi kwanza."

Ni ushauri wa busara. Nimefuta. Sijui kama nimefanya vema. Najua tu nimemsikia mtu akikiri kosa lake kwa mtoto asiyemjua, na mimi nalala chumba kimoja na yule niliyemkosea.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa anashona, miwani kwenye ncha ya pua. Kitundu cha themanini na nne. Nilisimama kando ya meza, nikashika ule ubao wa seremala kwa mikono miwili, nikasema, "Shangazi, hukukiweka ukingoni. Nilikiangusha mimi. Nilikuwa nasoma."

Sindano ilisimama.

"Lini?"

"Siku ileile. Ulikuwa uani."

Aliichomeka sindano kwenye mto wake, akavua miwani. Nilisubiri kupigwa kelele, na kwa kweli nilizitaka. Badala yake macho yake yalijaa maji, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Mwezi mzima," alisema. "Mwezi mzima nimejiona nimezeeka. Nikiweka chungu jikoni narudi kukitazama mara mbili. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nilifikiri akili inaniaga, mtoto wewe! Na ukanitazama tu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukula?"

Aliniambia nimpishe kidogo, nikakaa uani chini ya upenu, mvua ikinirushia miguuni. Baada ya muda niliitwa. Alikuwa ametandika nguo nyeupe magotini, na sindano ya pili ina uzi tayari.

"Kaa. Vitundu vya pindo la chini havionekani sana. Hivyo vinaweza kununa."

Tumeshona mpaka giza la jioni lilipotushinda. Nimeshona vitatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Ujumbe: "Kimeondoka." Neno moja. Anajifunza upesi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Vitundu tisini na tano. Kinyozi kapita mara mbili kuuliza, "Moshi umefika?"

Jumatano, 9 Aprili

Nilitoka shule nikikimbia hadi ofisi ya mizigo. Karani alitafuta nyuma ya magodoro, akanikabidhi boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani, mafundo kumi na moja, kila fundo limekazwa kama deni la dhamiri.

Shangazi alilifungua kwa mkasi. Kisanduku cheusi kilikuwa kimepakwa mafuta, kinang'aa. Vichuma vinne kwenye kopo la dawa. Na juu yake, kitambaa cheupe chenye vitundu vitano, kutoka kidogo hadi kikubwa. Vinne vimeshonwa na kifaa, sawasawa kama meno. Cha tano, kile cha makoti, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo ya mtu mwenye subira na mkono unaotetemeka. Chini yake ameandika kwa penseli: "Hiki sikukipata. Samahani."

Shangazi alikigusa kile cha tano kwa kidole chake kilichovimba, akakizunguka polepole.

"Huyu ni fundi," alisema.

Kisha akakifunga kifaa kwenye cherehani, akakanyaga, na ile sauti, takatakataka, ikajaa chumba. Kinyozi alikuja kusimama mlangoni. Hakusema kitu, na kwa Kinyozi hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikuenda shule. Yeye anakanyaga, mimi nakata nyuzi. Mia mbili na arobaini na mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Arobaini! Matroni alihesabu mwenyewe, polepole, nikadhani hatafika mwisho. Kisha akamuuliza Shangazi kama mwakani anaweza hamsini.

Jumamosi, 12 Aprili

Duka la Droo ya Mwisho limefunguliwa. Wameniuliza maoni. Swali la kwanza: "Je, muuzaji alituma kwa wakati?" Nimejibu Hapana, kwa sababu ni kweli. Chini kuna nafasi ya maneno. Nimeandika: "Na mnunuzi hakusema anakihitaji lini. Mwambieni tarehe, atatuma."

Nilileta nyundo pia, nikitaka kuung'oa ule ubao wa meza. Shangazi alinishika mkono.

"Uache hapohapo."

"Lakini si wewe uliye..."

"Najua si mimi. Ndiyo maana nasema uache. Wewe bado unaishi humu, na bado unasoma ukitembea."

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya pili bila mvua. Gumba limeanza kukunjika. Leo asubuhi amejifunga mwenyewe vifungo vitano, cha sita akaniachia. Sijui kama kilimshinda au ni zawadi.

Jumamosi, 19 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Babu wa Droo: "Kimepatikana! Kilikuwa chini ya mguu wa kabati, nilikiweka mwenyewe lisitikisike. Sasa kabati linatikisika. Je, bado mnakihitaji, au nisiwasumbue?"

Nimemsomea Shangazi. Alikuwa amepokea koti la mteja asubuhi hiyohiyo, liko mezani, halina vitundu.

Nimejibu: "Shikamoo Babu. Tunakihitaji. Mteja anarudi Alhamisi. Tuma Jumatatu na basi la kwanza."

Nilisoma mara mbili kabla ya kutuma, nikitafuta mahali pa kuweka samahani. Sikupaona.